Hadi Kijiti cha Mwisho

Hapo zamani, lakini si zamani ya fisi na sungura, ni zamani ya juzi tu, wakati mabati yalikwisha kufika milimani na simu ilishika mtandao ukipanda juu ya kichuguu, palikuwa na mzee mmoja huko Upareni aliyeitwa Senkondo. Mzee Senkondo alikuwa na mke, alikuwa na shamba, na alikuwa na jiwe.

Mke na shamba mnavijua. Jiwe ndilo linalotaka maelezo.

Juu ya kijiji chao palikuwa na ndiva. Ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa na mababu kwa mikono, likazungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Kijito kinachoingia humo ni chembamba kama kamba ya mbuzi. Ukikiacha kitiririke chenyewe, ardhi hukinywa njiani na hakuna shamba linaloloa. Lakini usiku kucha ndiva hukikusanya, hukitunza, na asubuhi mwenye zamu akizibua tundu, maji hushuka kwa nguvu na kwa heshima hadi shambani kwake.

Kila kiangazi kilipoanza, wenye zamu walikutana ukingoni mwa ndiva. Kila ukoo ulikuwa na jiwe lake la kukalia. Mgawa maji alichomeka vijiti kwenye udongo mbichi, kijiti kimoja kwa zamu moja, na kila kijiti kilizungumzwa mpaka kikaisha maneno. Na sheria ilikuwa moja: hakuna kuinuka. Tangu kijiti cha kwanza hadi kijiti cha mwisho, kalio liwe juu ya jiwe. Aliyeinuka, kijiti chake kinang'olewa, na maneno ya kikao yanafungwa pale pale.

Walisema sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya babu mmoja aliyeaga katikati ya mkutano akisema anakwenda kujisaidia, kumbe alikwenda kujifungulia maji wakati wenzake wanabishana. Tangu siku hiyo, katika udhuru wote ulioko duniani, udhuru wa choo ndio ambao haukusikilizwa kabisa.

Tena jiwe la mtu halikukaliwa na mwingine mwenyewe akiwa hai. Na jiwe likikaa tupu misimu miwili mfululizo, zamu yake ilikwenda kwa jirani moja kwa moja.

Jirani wa Mzee Senkondo alikuwa Mzee Mkiramweni. Walitahiriwa mwaka mmoja, na tangu siku hiyo hawakuwahi kukubaliana hata kama mvua inanyesha.

Basi. Mzee Senkondo alianza kuona damu chooni. Akasema ni bawasiri. Akanywa unga wa mizizi, akasema ni bawasiri. Akakonda, suruali ikafungwa kwa kamba, akasema ni bawasiri. Mkewe, Nakijwa, alivumilia miezi mitatu, halafu siku moja akamfungia nguo zake kwenye mfuko wa rambo na kuuweka mlangoni.

"Unanifukuza, Mama Nanzia?"

"Nakupeleka hospitali, Baba Nanzia. Ukikataa, hapo ndipo nitakufukuza."

Huko hospitali kubwa mjini wakamwambia si bawasiri. Ni saratani, nayo imekaa kwenye puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo inayongoja karibu na mlango. Wakampasua, wakaitoa, wakaunga utumbo. Ili kiungo kipone, wakamtolea utumbo tumboni kwa muda na kumfunga mfuko wa kupokelea haja.

Mzee Senkondo aliuchukia mfuko ule. Aliuita Mgeni. "Mgeni amejaa," alimwambia mkewe. "Mgeni ananuka. Mgeni ataondoka lini?" Msimu ule wa kiangazi ukapita yeye yuko mjini na Mgeni wake, na jiwe lake likakaa tupu mara ya kwanza. Halafu wakamrudisha chumba cha upasuaji, wakaufunga ule mlango wa tumboni, na Mgeni akaondoka. Mzee Senkondo akarudi nyumbani akiimba. Saratani imekwisha, Mgeni amekwenda, na choo chake ni kama cha watu wote.

Aliimba siku moja.

Siku ya pili akaenda chooni, akarudi. Akaketi, akainuka. Akaenda, akarudi. Akaosha mikono, akainama kuchukua kitambaa, akaenda tena. Nakijwa alichukua daftari la mistari aliloliacha binti yao, akawa anachora kijistari kila mumewe alipopita. Jioni akahesabu. Kumi na saba.

"Labda ni ile nyama uliyokula," akasema.

Kesho yake hakula nyama. Kumi na tisa.

Na kwenda si jambo lililomuumiza kuliko yote. Zamani Mzee Senkondo alijua mwili wake kama mtu ajuavyo milango ya nyumba yake. Upepo ulikuwa upepo, na haja ilikuwa haja. Sasa kila kitu kilibisha hodi kwa sauti moja, na kila kilichobisha hodi kilikuwa kimekwisha kuingia sebuleni. Akaacha kwenda kanisani. Akaacha kwenda msibani, nako Upareni mtu asiyekwenda msibani ni kama naye amekufa. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, akitazama njia ya chooni kama watu wengine wanavyotazama njia ya wageni. Na siku moja, msikilizaji, alisema neno ambalo hakutegemea kulisema maishani.

"Nilimkosea Mgeni," alisema. "Mgeni hakuwahi kuniinua."

Nakijwa akampeleka zahanati. Nesi wa pale aliitwa Navoneiwa, binti wa kijiji cha jirani, mfupi, mwenye sauti ya kuagiza watu. Alisoma karatasi za hospitali mpaka mwisho, akavua miwani.

"Baba, ndiva ni nini?"

"Wewe ni Mpare au si Mpare?"

"Nijibu tu."

"Ndiva ni pale maji yanapokusanyika kabla ya kufunguliwa."

"Sasa hiyo sehemu waliyokukata ndiyo ilikuwa ndiva yako. Haja ilikuwa inakusanyika pale, inangoja ruhusa. Sasa kuna mfereji, hakuna ndiva. Kidogo kinachofika, kinatoka. Kingine kinafika, kinatoka. Si ugonjwa kurudi, na si nyama uliyokula."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumweleza mwili wake kwa lugha anayoilima.

"Itajengwa nyingine?"

"Haijengwi. Ila mfereji unajifunza. Unachukua mwaka, pengine miwili, na hautakuwa kama zamani. Lakini ukisaidiwa, unajifunza."

"Sina miaka miwili, mwanangu. Nina miezi minane. Jiwe langu likikaa tupu kiangazi hiki, basi, zamu ya baba yangu ni ya Mkiramweni."

"Huo mkutano unachukua muda gani?"

"Tangu jua linapogusa ukuta wa ndiva mpaka mtu akanyage kivuli chake."

"Ni muda wa saa nne hivi. Na wewe sasa hivi unaweza kukaa kwa muda gani bila kuinuka?"

Mzee Senkondo akafikiri. "Tumeanza kuzungumza saa ngapi?" akauliza, na kabla hajajibiwa akawa amekwisha toka mbio.

Aliporudi, uso wake ulikuwa umelowa, na si kwa maji ya kunawa. Kwenye benchi la wagonjwa walikuwapo watu wengi. Mmoja wao alikuwa Mzee Mkiramweni, aliyekuja kwa ajili ya jino, shavu limevimba kama amefichia embe. Na hapo Mzee Senkondo, kwa uchungu, akafanya kosa ambalo ni Mpare wa ndiva tu anayeweza kulifanya: akaapa juu ya maji mbele za watu.

"Nisikieni! Yeyote atakayeniwezesha kukaa juu ya jiwe langu hadi kijiti cha mwisho, maji ya kwanza ya zamu yangu ni yake. Ndiva nzima. Nimesema."

Kiapo cha maji hakirudishwi. Mkiramweni alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiouma.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe endelea tu na mbio zako. Mimi hayo maji nitayatunza vizuri."

Basi kazi ikaanza.

Nakijwa alishika chakula. Alichokula mumewe alikiandika, na kilichotokea alikiandika. Maharage: mistari sita na aibu. Kabichi: mistari mitano, na mumewe kulala sebuleni kwa hiari yake. Ndizi za kupika zilizoiva kidogo: mistari miwili. Wali mweupe: mmoja. Chai ya maziwa: usiulize. Akaondoa maharage nyumbani, yeye aliyekuwa mkulima wa maharage, ambaye kipande chake cha ardhi kando ya mfereji hakikuwahi kuotesha kitu kingine. Alipika chungu kimoja tu, kwa hiyo alichokatazwa mume, mke naye alikikosa. Alifua mashuka kabla majirani hawajaamka. Wageni walipouliza mbona mashuka kila siku, alisema yeye siku hizi anatokwa jasho sana.

Nesi Navoneiwa alishika mlango. Kila Alhamisi jioni, kazi ikiisha, alipanda mlima hadi kwao.

"Bana, Baba."

"Nibane nini?"

"Bana kana kwamba upepo unataka kutoka na mkweo amekaa mbele yako. Hesabu mpaka kumi. Achia. Tena."

Mzee Senkondo alibana. Alibana asubuhi kitandani, akabana akinyoa ndevu, akabana dukani akingoja chenji. Watu walimwuliza mbona uso wake kama wa mtu anayepiga hesabu za kugawanya. Nesi akampa na vidonge vya kutuliza utumbo, akamwonyesha anywe kimoja muda gani kabla ya chakula, akamkataza kuongeza hata nusu bila kumwambia. Akamfundisha kuketi chooni kwa wakati mmoja kila asubuhi, bila haraka, mpaka mfereji uelewe kwamba asubuhi ndiyo zamu yake.

Akaenda, akarudi. Akaketi, akainuka. Kumi na saba zikawa kumi na mbili. Kumi na mbili zikawa tisa. Kukawa na wiki mbaya zikarudi kumi na nne, akatupa kigoda uani, Nakijwa akakiokota. Tisa zikawa sita. Mwezi wa saba wa mazoezi Mzee Senkondo alienda msibani, akakaa karibu na mlango, akastahimili mpaka watu wanakwenda makaburini. Siku ile alilia sana, na watu wakasema kumbe alimpenda marehemu hivyo.

Lakini saa nne juu ya jiwe? Saa nne zilikuwa jambo jingine. Alipojipima nyumbani, aliweza saa mbili. Siku moja tu, siku ya bahati, aliweza tatu.

Kiangazi kikaingia. Siku tatu kabla ya mkutano akamwambia mkewe, "Nitafunga. Tumbo likiwa tupu litatoa nini?"

Nakijwa akampelekea nesi habari. Nesi akapanda mlima ingawa haikuwa Alhamisi. "Tumbo tupu si tumbo tulivu! Utajaa upepo, na upepo huujui na haja huijui. Utakula wali wako kidogo, utakunywa kidonge chako, utakwenda chooni alfajiri, halafu utakwenda kwenye jiwe lako kama mwanamume."

Akala wali wake. Akanywa kidonge chake. Akaenda alfajiri mara tatu. Na jua lilipogusa ukuta wa ndiva, Mzee Senkondo alikuwa juu ya jiwe la baba yake.

Wenye zamu walikuwa thelathini. Kijiti cha Mkiramweni kilikuwa cha ishirini na saba, cha Senkondo cha ishirini na nane. Mgawa maji, Mzee Mshana, mtu mkavu asiyecheka wala kununa, alichomeka kijiti cha kwanza. Watu wakazungumza. Cha pili. Watu wakazungumza.

Kijiti cha tisa Mkiramweni akainua mkono. "Mgawa maji, mimi nina swali kuhusu huu ukuta. Unavuja?"

Wakazungumza ukuta.

Kijiti cha kumi na nne Mkiramweni akainua mkono. "Mgawa maji, na mbuzi wanaokunywa hapa, ni wa nani hasa?"

Wakazungumza mbuzi. Mbuzi walichukua muda mrefu, kwa sababu kila mtu alikuwa na mbuzi na kila mtu alisema si wake.

Kijiti cha ishirini Mkiramweni akachukua birika la maji alilokuja nalo. Akaweka kikombe chini, kando ya jiwe la Senkondo. Akainua birika juu, juu kabisa, akamimina polepole. Shwaaa. Akanywa. Akamimina tena. Shwaaa.

"Kiu, ndugu yangu," akasema. "Jua kali. Nikumiminie na wewe?"

Watu wakaanza kucheka chinichini, maana kijiji kizima kilijua. Mzee Senkondo alikuwa anabana. Saa mbili zilikwisha pita, saa tatu zilikwisha pita, na sasa kitu kilikuwa kimefika mlangoni na kinabisha hodi. Hodi moja. Hodi mbili. Akahesabu mpaka kumi, akaachia, akabana. Jasho likamtiririka mgongoni. Vijiti vilikuwa ishirini na tatu, na Mkiramweni alikuwa ameinua mkono tena.

Hapo, msikilizaji, Mzee Senkondo aliwaza nini? Hakumwaza mkewe na mashuka yake. Hakumwaza nesi na Alhamisi zake. Aliwaza lile shavu la Mkiramweni lililovimba siku ile, na kile kicheko cha upande mmoja. Akasema moyoni, nitakufa hapa, lakini kicheko kile hakitapata upande wa pili. Chuki ikambana pale ambapo mazoezi yalikuwa yamekwisha nguvu.

Kijiti cha ishirini na tano. Hodi ikawa kishindo. Akajua kwamba lazima kitu kimoja kitoke, na hakujua ni kipi. Ilikuwa kama kuchagua mlango gizani. Akamwomba Mungu, akaegemea upande wa kushoto, akanyanyua kalio la kulia kidogo tu, upana wa vidole viwili.

Ulikuwa upepo.

Ulikuwa upepo wa saa nne, na ulitoka kwa sauti ya saa nne. Ndege waliruka kwenye migomba. Mzee Senkondo akafumba macho kwa furaha, maana suruali ilikuwa kavu.

Na Mkiramweni akaruka. "Ameinuka!" akapiga kelele, akimwonyesha kwa kidole na birika mkononi. "Nimemwona! Mgawa maji, ameinuka! Kijiti chake king'olewe! Ameinuka, ameinuka!"

Watu wote waliokuwa wamekaa juu ya mawe yao wakamtazama Mkiramweni, na ili kumtazama iliwabidi wainue shingo.

Mzee Mshana akasema polepole, "Senkondo amenyanyua kalio moja. Wewe, Mkiramweni, umesimama kwa miguu miwili na umechukua hatua tatu."

Akainama, akaokota kijiti alichokwisha kukiandaa kwa ajili ya Mkiramweni, akakivunja gotini. Na sheria inasema mtu akivunja kikao kwa kuinuka, maneno yanafungwa pale pale. Hakuna swali, hakuna ukuta, hakuna mbuzi. Vijiti vilivyobaki vinachomekwa kimya. Mzee Mshana akavichomeka kwa muda usiofika wa kumaliza kikombe cha chai: ishirini na sita, ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini.

Mzee Senkondo akainuka wa mwisho. Akawashukuru wazee kwa maneno manne. Akatembea, hakukimbia, mpaka choo cha nyumba ya karibu, hatua themanini.

Alifika. Sisemi zaidi ya hapo. Alifika.

Zamu yake ilipowadia, asubuhi na mapema, akapanda hadi ndiva na mti wa kuzibulia begani. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Mwenyewe hakuwa na cha kumwagilia. Mtu aliyekuwa akienda chooni mara kumi na saba hapandi tangawizi. Alikuja kutimiza kiapo tu, akidhani ni jambo jepesi.

Akakuta watu watatu wana majembe, na Mzee Mshana amesimama kando yao.

Alikuwapo mkewe Nakijwa, ambaye maharage yake kando ya mfereji yalikuwa yameanza kujikunja majani. Alikuwapo nesi Navoneiwa, ambaye kabichi zake nyuma ya zahanati zilikuwa zimelala chini kama wagonjwa. Na alikuwapo Mzee Mkiramweni, ambaye tangawizi yake ilikuwa imefika magotini, na ambaye kwa mwaka ule mzima hakuwa na zamu.

"Gawanya," akasema Senkondo kwa Mzee Mshana.

"Haigawanyiki," akasema Mzee Mshana. "Ndiva moja kwa mifereji mitatu, ardhi itakunywa yote njiani. Na zamu yako haitarudi kabla ya mwezi kwisha. Kwa jua hili, kisichokunywa leo hakitakunywa tena. Umeapa mwenyewe, chagua mwenyewe."

Nakijwa akasema kwanza. "Nani aliikataa ile damu wakati wewe unasema ni bawasiri? Nani alikufungia nguo? Mume wangu, nimefua mashuka kabla jogoo hajawika. Nimewaambia watu kwamba natokwa jasho. Miezi minane sijala haragwe langu mwenyewe kwa sababu ya tumbo ambalo si langu. Bila mimi, jiwe lingekaliwa na nani? Na kaburi?"

Nesi akasema, "Mama, yote hayo ni kweli. Mimi kwa kawaida sipokei kitu kwa mgonjwa, na serikali inanilipa. Ila serikali hainilipi Alhamisi jioni. Daftari ni mimi niliyesema liendelee hata ulipochoka. Chakula kilipunguza maji, lakini mlango ni mimi niliyeujenga. Siku ile alikaa juu ya jiwe kwa mlango, hakukaa kwa wali."

"Mlango!" akasema Nakijwa. "Wewe ulimfundisha kubana, mwanangu. Siku aliposhindwa kubana, ulikuwapo wewe au nilikuwapo mimi?"

"Na ulipokuwa unafua, Mama, ulitaka afue milele, au ulitaka apone?"

"Nafua mimi, hafui yeye!"

Mkiramweni akakohoa. "Mmemaliza?"

"Wewe unatafuta nini hapa?" Nakijwa akamgeukia. "Wewe uliyemimina maji kwa birika ili mwenzako aumbuke?"

"Nilimimina," akasema Mkiramweni. "Sikatai. Lakini mimi nilikuwa kwenye benchi siku ya kiapo, na nilisikia vizuri, jino lilikuwa linauma, masikio hayakuuma. Alisema *yeyote*. Hakusema yeyote anipendaye. Hakusema yeyote mwenye nia njema. Haya, tuulizane. Vilibaki vijiti vingapi? Mimi nilikuwa na maswali mangapi? Nilikuwa nimeandaa la nyuki, la njia ya ng'ombe na la mwaka wa njaa. Saa nzima nyingine! Senkondo, ndugu yangu, kwa haki ya Mungu, ungeiweza ile saa?"

Mzee Senkondo akatazama maji.

"Nisingeiweza," akasema.

"Basi nani aliyeifuta ile saa? Nilisimama mimi. Nimepoteza zamu mimi. Hawa wamekusaidia, na hawakupoteza hata shina. Mimi ndiye niliyelipa. Na wajukuu wangu hawakumimina maji kwa birika, ila tangawizi hiyo ndiyo ada yao."

Nakijwa akasema, "Huyu mtu hana haya," lakini alisema kwa sauti ndogo.

Mzee Senkondo akasimama juu ya tundu la ndiva na mti mkononi. Akamtazama mkewe, akaona yale mashuka. Akamtazama nesi, akaona ule mlima. Akamtazama Mkiramweni, akakumbuka jambo ambalo hakumwambia mtu hata mmoja: kwamba dakika ile mbaya kuliko zote, aliyembana hakuwa mke wala nesi. Na mbele yake palikuwa na maharage ambayo hawezi kuyala, kabichi ambayo hawezi kuila, na tangawizi ya adui yake.

Akainua mti azibue.

Hodi.

Akasimama. Akasikiliza. Hodi ya pili. Na safari hii, kwa mara ya kwanza tangu wampasue, alijua kabisa ni nini.

"Nisubirini," akasema. Akauchomeka mti kwenye udongo katikati yao watatu, akashuka kwa mwendo wake hadi kile choo cha hatua themanini, akafunga mlango. Kutoka kule akawasikia wakianza upya: mashuka, Alhamisi, birika. Mashuka, Alhamisi, birika. Sauti zikapanda, jua nalo likapanda. Na Mzee Senkondo, aliyekimbia miezi mingi, akaketi pale bila haraka yoyote, kama alivyofundishwa.

Akimaliza atatoka, na akitoka itambidi azibue. Ndiva imejaa, na mfereji wa kufunguliwa ni mmoja tu. Basi ninyi mliokaa hapa tangu mwanzo bila kuinuka, semeni: kati ya aliyefua, aliyefundisha na aliyesimama, maji yale ni ya nani?